Mbuzi Wana Rangi, Mimi Sina Jina

Karani yule wa mahakama angekuwa hai leo ningemtukana tena. Nasema kweli, miaka yote hii hasira haijaniisha.

Ilikuwa miaka ya sabini, tumehamishiwa kijiji kipya upande wa Usevya, kila kaya inaandikiwa kiwanja na shamba. Katibu wa kijiji akaniambia mbele ya watu eti mimi sina changu, nitaandikwa chini ya mume wangu. Mume gani? Yule bwana tulishaachana miaka sita nyuma, na siku hiyo alikuwa palepale kwenye foleni na mke wake mwingine, ananitazama anacheka.

"Ndugu katibu, mimi nimeachika mahakamani," nikasema.

"Leta karatasi. Nakupa wiki mbili, la sivyo shamba linaandikwa kwake."

Shamba lenyewe nililifyeka kwa mikono hii, na wanangu wawili walikuwa wanakula hapohapo.

Nikapanda lori la mpunga mpaka Mpanda mjini, nikafikia kwa mama mdogo, mtaa wa Kashaulili. Asubuhi nikaenda mahakamani. Karani akalamba kidole, akafunua kitabu cha kesi za ndoa, anafunua huku anakunywa chai. "Mama, hakuna. Wewe bado ni mke wa mtu." Nikamwomba atazame tena. Akakifunga kitabu. "Nyie wanawake wa vijijini mkigombana tu na waume zenu mnajiona mmeachika."

Loo! Kwa mama mdogo nililia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira tupu.

Mama mdogo akaweka ungo chini. "Hebu nikumbushe, mwanangu. Siku ile nani alimshitaki nani?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Siku ya kesi mimi nilikaa nje, nanyonyesha. Waliosimama mbele ya hakimu walikuwa mume wangu na baba yangu, ambaye sasa ni marehemu. Kwetu talaka ilikwenda hivyo: mume anadai mahari yake, baba anarudisha mbuzi, basi, mke ameachika. Hakuna aliyeniita ndani.

Kesho yake nikamwambia karani, "Tafuta kesi ya mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi, ndiyo! Tafuta jina la baba yangu."

Akatoa kitabu kingine, cha madai. Hata chai yake haijapoa, kesi ikaonekana. Akaninakilia kwa mkono, akagonga muhuri, wala pole hakusema.

Mwaka ule nilikuwa nimeanza kisomo cha watu wazima. Juu ya lori nikaisoma ile nakala kwa kidole, neno moja moja. Jina la yule bwana lilikuwepo. Jina la baba lilikuwepo. Mbuzi waliandikwa mpaka rangi zao, mmoja mweusi mwenye doa usoni. Mimi nilitajwa mara moja tu: "mke wa mdai". Yaani mbuzi kaandikwa doa lake, mimi niliyezaa watoto wawili hata jina sina! Nikatukana kwa sauti, abiria wenzangu wakageuka.

Katibu aliipokea ile karatasi shingo upande. Akaisoma, akamwita yule bwana, akamsomea. Angekana nini, na jina lake na mbuzi wake wote wamo? Safari hii hakucheka.

"Haya, shamba ni lako," katibu akasema, akaandika kitabuni. Nikainama kusoma. Alikuwa ameandika "aliyekuwa mke wa", halafu jina la yule bwana.

"Futa."

"Dada, si ni mambo yaleyale?"

Nikamnyang'anya kalamu. Nikaukata ule mstari mpaka karatasi ikachanika. Halafu, foleni nzima ikinisubiri, nikaandika jina langu polepole, herufi kwa herufi, kubwa, zimepinda. Lilichukua mistari miwili.