Usaili wangu na Mzee wa getini

Jamani, leo nimeshindwa usaili na mlinzi.

Mnajua nimesoma baiolojia, nikaongeza na kozi ya kuelezea watu sayansi kwa lugha rahisi. Leo nikaitwa kwenye redio moja hapa Mwanza, wanatafuta mtangazaji wa kipindi cha afya.

Bosi, mama mmoja asiyecheka, akasema, "Nenda getini ukamweleze Mzee Masanja kuhusu kichocho. Una dakika tatu."

Nikashuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Nikaanza. Vimelea. Mzunguko wa maisha. Mwenyeji wa kati.

(Mwenyeji wa kati! Sijui nilitumwa na nani.)

Mzee akanisikiliza kwa heshima zote. Nilipomaliza, akawageukia akina mama waliokuwa wanapita na ndoo za dagaa.

"Nyie, huyu binti anasema hivi. Mtu akijisaidia ziwani, vijidudu vinaingia kwa konokono. Vikikomaa vinatoka, vinapenya ngozi yako wewe unayefua. Tumieni choo!"

Mama mmoja akatua ndoo. "Kumbe! Na dawa yake tunapata wapi?"

"Muulizeni huyu, ndiye aliyesoma."

Nikasikia makofi nyuma yangu. Ni bosi. Anampigia Mzee.

Matokeo: kazi nimepata! Nitaandaa kipindi. Mtangazaji ni Mzee Masanja.

Wakati natoka akanifungulia geti, akaniambia kwa upole kabisa, "Jumatatu usichelewe, mwanangu."

Sasa nyie mnanipa hongera au pole?