Riyali ya Sultani kwenye Bariere

Wakati wa vita nilikuwa nafundisha historia katika shule moja ya Vulamba, Butembo. Mshahara wa serikali tulikuwa tumekwisha kuusahau. Tuliishi kwa maharage ya wazazi. Hata hivyo nilikuwa na ugonjwa mmoja, kutafuta riyali za fedha za sultani wa Unguja. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu walizileta hadi msituni kwetu miaka ile sultani mwenyewe alipokuwa ananyang'anywa pwani na Wazungu, kisha Wabelgiji wakaja kuwafukuza watu wake huku. Familia chache za Beni zilibaki nazo, nyingine zimetobolewa ziwe mikufu. Nilikuwa nimepata tano. Nilipenda kuwaonyesha wanafunzi kwamba hata utawala uliotisha hivyo ulikwisha.

Dada yangu mkubwa, aliyekaa Mulekera, Beni, aliniona mjinga, lakini ndiye aliyenitafutia. Siku moja alituma neno: bibi mmoja aliyekimbia vita kutoka Kamango alikuwa na riyali shingoni, anataka kuiuza apate unga. Nikapanda lori hadi Beni, mtoto wangu wa miezi minne mgongoni, riyali moja kwenye kitambaa ili nilinganishe. Dada akanipokea, tukaanza kwa miguu kwenda walikolala wakimbizi.

Kwenye bariere, kizuizi cha askari barabarani, askari mmoja akafungua kitambaa.

"Hii maandishi ya Kiarabu ni ya nani?"

"Ni feza ya zamani, chef. Ya sultani wa Unguja."

"Sultani? Donc munatumikiaka bale baasi ba mu pori!" Yaani tunawatumikia waasi wa porini.

Nikafungua mdomo nimweleze, kama niko darasani. Dada akanitangulia.

"Hapana yake, chef. Ni yangu. Ye aliibeba tu. Mumuache, iko na mutoto wa kunyonya."

Ulikuwa uongo, na sikuukanusha. Walimkamata dada, mimi wakaniambia niondoke, nikaondoka. Sikugeuka hata mara moja. Niliogopa wangebadili mawazo.

Walimwachilia siku ya tatu, baada ya mume wake kuwapelekea mbuzi wawili. Mkono wake wa kuume haukushika jembe tena. Mengine hakuyasimulia, na mimi sikuwa na moyo wa kuuliza. Aliniuliza neno moja tu:

"Ule bibi, ulimuona?"

"Hapana, yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Nilirudia njiani."

"Alikuwa na njaa," akasema, akageukia ukuta.

Riyali nne zilizobaki nilimpelekea fundi wa pete mjini Butembo. Aliziyeyusha mbele yangu, maandishi yakalainika, yakapotea. Alichonilipa kilinunua dawa za dada.

Aliishi miaka sita zaidi. Hakunilaumu hata siku moja, wala hakukanyaga tena nyumbani kwangu. Nilipokwenda Mulekera alinipokea vizuri, akanipikia, kisha akaketi kuzungumza na mtoto wangu. Mimi nilikula peke yangu.