Marufuku Kumpa Mgeni Mgongo

Shangazi alitembeza wageni kwenye jumba la makumbusho miaka ishirini bila cheti, mpaka wakubwa wakazinduka: asiye na cheti akae kwake! Basi akaenda mafunzoni, kukaa dawati moja na vijana waliozaliwa yeye yuko kazini. Kanuni ya kwanza: mwongozaji hampi mgeni mgongo, anatembea kinyumenyume akitabasamu. Mwezi mzima akafanya mazoezi nyumbani, akimtembeza mumewe toka sebuleni hadi jikoni.

"Mama watoto, mboga inaungua!"

"Maswali mwishoni, mgeni wangu."

Siku ya mtihani alirudi nyuma kwa madaha, wageni saba na mtahini nyuma yao, akieleza ngoma, mikuki na vigoda. Akakata kona, akasukuma mlango kwa kisigino, wote wakaingia.

Choo cha wanaume! Mlinzi wa getini alikuwa kasimama ameelekea ukutani, akaganda palepale.

Shangazi hakutetereka. "Na hiki, wageni wangu, ndicho chumba pekee humu kinachotumika hadi leo. Tafadhali msiguse kitu."

Mtahini akaandika: "Mama amefaulu. Aliyewapa wageni mgongo ni mlinzi."