Chumba cha Ndani cha Nahodha Adnani

Bi Mwanapili binti Adnani alikuwa na ulimi mkali, na hakuwahi kuuombea radhi. Huko Kisauni, Mombasa, alikopanga chumba baada ya chumba kwa zaidi ya miaka thelathini, wapangaji wenzake walimjua kwa mikeka yake ya ukili, iliyosukwa ikabana, na kwa majibu yake. Ukimuuliza kwao ni wapi, alikujibu kwa Kibajuni chake, "Kwechu kuna mchu mwingine," yaani kwetu kuna mtu mwingine. Basi. Hakuna aliyethubutu kuuliza la pili.

Hakuzaliwa mkali. Alizaliwa Chovai, kimoja cha visiwa vya Wabajuni huko Somalia, akaletwa Kismayo akiwa bado ananyonya, kwenye nyumba ya mawe ya baba yake, Nahodha Adnani, nyuma ya bandari ya zamani. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, yenye kisima uani na chumba cha ndani kabisa kisicho na dirisha. Chumba hicho ndicho kilichokuwa nyumba yenyewe. Wanawake wa ukoo walijifungulia humo, bibi harusi alikaa humo siku zake za fungate, na maiti alioshwa humo kabla ya kutolewa. Mwanapili aliolewa na Omar humo, akamzaa Walidi humo, na mama yake alipofariki alimwosha humo kwa mikono yake mwenyewe.

Vita vilipoingia Kismayo, Omar aliwapakia mke na mtoto kwenye mashua iliyokuwa ikikimbia kusini, yeye akabaki kulinda nyumba. Alisema ni siku chache tu. Hakuonekana tena, na kaburi lake halijulikani. Walidi alishikwa na homa kambini Mombasa, akafa hata maneno hajayajua vizuri. Watu walimwambia Mwanapili amshukuru Mungu kwa kuwa yeye yu hai, naye akashukuru kwa mdomo. Moyoni alijaa hasira, na nadhani ni hasira hiyo iliyomwamsha kila asubuhi miaka yote hiyo.

Siku moja Hanan, binti wa marehemu mdogo wake, alimjia mbio na simu mkononi. Hanan alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpenzi wa mambo ya kale, na simu yake haikukosa picha za magofu.

"Mama mkubwa, hebu tazama. Hapa si kwenu?"

Kwenye simu mwanamume aliyevaa vizuri alikuwa akiwatembeza watu ndani ya nyumba ya mawe iliyopakwa chokaa mpya. Ilikuwa ni makumbusho, alisema, ya kwanza ya aina yake Kismayo. Mwanapili hakumsikiliza. Alikuwa akitazama ukuta nyuma yake, wenye safu za zidaka za kuwekea sahani, na kile kidaka cha chini kilichomeguka pembe. Alikimegua yeye, kwa mchi, akiwa mtoto, na baba yake akakataa kukitengeneza ili kila akipita hapo akumbuke utundu wake.

Alilia. Kisha akauliza mshenzi huyo ni nani.

Hakuwa mshenzi, na hapo ndipo uchungu ulipozidi. Aliitwa Mahdi, Msomali mfanyabiashara aliyerudi kutoka ng'ambo na mapenzi ya kweli kwa vitu vya zamani. Nyumba aliinunua kwa haki kutoka kwa mtu aliyeinunua kwa haki kutoka kwa mtu aliyeingia na bunduki. Ndivyo dhuluma inavyosafishwa: hupita mikono miwili mitatu, na ikimfikia muungwana haina tena harufu. Hanan alipompigia simu, Mahdi hakukata wala hakufoka. Alilipeleka jambo lile kwa wazee wa Kibajuni wa mjini, ambao kiongozi wao ni Mzee Sabir, mtu wa kisiwa cha Koyama, na mbele yao akatoa ahadi.

"Eddo na aje," alisema, akimwita shangazi kwa Kisomali. "Wazee wakiridhika kuwa ni mwana wa nyumba hii, chumba cha ndani ni chake mpaka siku yake itakapofika. Nitamtunza kama mama yangu."

Hanan alitaka wadai nyumba nzima. Mwanapili akamkatiza. "Nyumba nzima niifanyie nini? Mimi nataka pa kufia. Nataka nioshwe pale alipooshwa mamangu, si kwenye ua wa kupanga huku wachu wanasubiri choo."

Wakafunga safari. Fahad, mume wa Hanan, aliwapeleka kwa gari lake hadi Mokowe, wakapanda boti, na kutoka hapo ikawa ni bahari na vijiji. Hanan, kwa kuwa ni Hanan, aliifanya safari kuwa ziara. Kila mji mdogo wenye nyumba ya kale au makumbusho ya vyumba viwili, ilikuwa lazima washuke. Mwanapili alishuka naye akinung'unika, akaburuta kandambili zake katika kumbi zilizofagiwa, akatazama vitanda vya besera, vyenye paa la kitambaa, visivyolaliwa na majungu yasiyopikiwa. Hakuuliza umri wa kitu chochote. Kila nyumba aliuliza swali lile lile: "Wenyewe wako wapi?"

Kijana mmoja aliyekuwa akiwatembeza alisema hajui. Mwingine akasema waliuza, wakahamia Arabuni. Wa tatu, binti mpole, akacheka kwa haya na kusema, "Wenyewe ndio sisi sote, bibi. Ni urithi wetu."

"Wewe umerithi," Mwanapili akamjibu. "Aliyezaliwa humu amerithi nini?"

Hanan akamwomba binti yule samahani kwa macho. Nje alimwambia mama yake mkubwa kwamba bila makumbusho nyumba ile ingekuwa kifusi. Mwanapili akatangulia kuelekea botini, kwa sababu ilikuwa kweli, na hakupenda kweli impate akiwa amechoka.

Walivuka kutoka Kiunga hadi Ras Kamboni, wakalala, asubuhi wakaenda Chula. Huko mwanamke aitwaye Rawda aliwaonyesha chumba kilichojaa vitu vya majirani waliokimbia: mbuzi za kukunia nazi, vinu, susu ya mtoto, milango miwili iliyoegemezwa ukutani. Hanan akayafurahia makumbusho yale. Rawda akakunja uso. "Haya si makumbusho. Hizi ni amana. Wenyewe wakirudi watachukua vichu vyao." Mwanapili alimshika mkono mwanamke yule akakaa nao muda mrefu. Ndiyo mara pekee katika safari nzima niliyosimuliwa kwamba alitabasamu.

Chovai walipita tu. Nyumba ya babu yake ilikuwa kuta tatu na mbuzi ndani, wenye raha zao.

Ndani ya boti ya kwenda Kismayo, Mwanapili alirudiarudia ushahidi wake kama mtoto anayekwenda kusoma mbele ya mwalimu. Kidaka kilichomeguka. Kisima, na jiwe la pembeni lililochakaa kwa kamba. Shimo dogo ukutani mwa chumba cha ndani, mama yake alimoficha dhahabu, ambalo huwezi kulijua usipopapasa. Majina ya majirani wa kila upande. "Waniulize watakalo," alimwambia Hanan, "nitawajibu mpaka wachoke."

Waliteremka mchana wa jua kali. Wazee walikuwa wameketi barazani mwa nyumba ya ng'ambo ya njia, wanne, na Mzee Sabir katikati, kofia yake imekaa sawasawa. Hawakuinuka wala hawakuita. Waliacha tu afike. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, ule ule wa nakshi, sasa umepakwa mafuta ukang'aa. Mwanapili aliutazama. Akapanda ngazi. Akavua kandambili, akazipanga pembeni vizuri zisimkwaze mtu, akajitanda mtandio upya, akasimama nje ya kizingiti.

"Hodi," akasema. "Hodi wenyewe. Hodi."

"Karibu, karibu ndani!" Mahdi akaitika kutoka ukumbini.

Ndipo akaingia. Nyuma yake, ng'ambo ya njia, wazee walitazamana, na mmoja wao akainamisha kichwa.

Hakuulizwa kitu. Alingoja ukumbini aanze kuulizwa, maneno yamemjaa kinywani, lakini Mzee Sabir alipoingia alikaa polepole na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kutoa rambirambi.

"Dada yangu," akasema, "wamekuja wengi hapa mjini tangu kutulie. Kila mmoja anajua kisima kiko wapi. Anajua zidaka, anajua majina ya majirani. Tulimkabidhi mmoja nyumba kwa maneno yake matamu, kisha mwenyewe akatokea, tukaona haya hata kumtazama. Habari za nyumba mchu hufundishwa. Kwa hiyo tuliacha kuuliza. Tunatazama anavyoingia. Mwana wa nyumba hutoa salamu akapita mpaka ndani, hata akiwa na miaka mia hajakanyaga. Kwao mchu hapigi hodi. Hodi ni ya mgeni."

Hanan aliruka. "Mnamhukumu mtu kwa neno moja? Mama mkubwa, waambie! Waambie habari ya shimo la dhahabu!"

Mwanapili akawaambia. Aliwaambia shimo, jiwe la kisima, kidaka na mchi. Mahdi mwenyewe alikwenda kupapasa ukuta wa chumba cha ndani akarudi na vumbi vidoleni, macho yamemtoka. Shimo lilikuwepo. Akamtazama Sabir kama anayeomba. Mzee akatikisa kichwa. Mtumishi wa zamani angelijua, alisema. Rafiki wa binti angelijua. Yeye hasemi dada huyu ni mwongo, Mungu ndiye ajuaye, ila wazee wanne hawawezi kuapa kuwa ni mwana wa nyumba, kwa alichokifanya mlangoni.

Ningependa kusema Mwanapili aliwatukana. Walistahili, wanne wote, na kofia zao. Hanan alimtazama akingoja ule ulimi, ulimi uliowanyamazisha wenye nyumba wa Kisauni, na ulimi haukuja. Alikuwa anajisikiliza. Miaka thelathini alipiga hodi: kwa mwenye nyumba, bombani, mlango wa choo, jikoni kwa mtu kuomba kaa la moto. Alikuwa mkali barazani, lakini mlangoni alikuwa mpangaji siku zote. Njia nzima alikuwa ameandaa kichwa chake, na hakuna aliyemwambia aandae mdomo. Na lililomchoma zaidi ni kwamba mzee hakukosea. Akiwa nje ya kizingiti cha baba yake, kwa moyo wake wote, alikuwa anaomba ruhusa.

"Alinifunza nani?" akauliza kwa sauti ndogo. Hakuna aliyejua anamuuliza nani.

Wazee wakaaga. Mahdi alihangaika sana, maskini. Akaleta chai ya maziwa na halua, akasema uamuzi wa wazee hawezi kuuvunja, ukoo wake na wao wanaishi kwa kuheshimiana, lakini eddo aje wakati wowote, mlango uko wazi, asimlipe mtu kiingilio. Kisha kwa adabu zote, na Mwenyezi Mungu amsamehe, akamuuliza kama angependa kutembezwa.

Mwanapili akasema ndiyo. Akatembezwa. Mahdi alimweleza hiki ni kisima, hizi ni zidaka, hapa waliketi wanaume, na yeye aliitikia "eeh" kila pahala, kama mgeni mwenye adabu. Hanan alitembea nyuma yao akilia waziwazi, hata akasahau simu yake.

Chumba cha ndani kilikuwa cha mwisho. Walikuwa wametia taa ya umeme, na ndani kulikuwa na kitanda cha kamba kilichotandikwa mkeka, chetezo, na kanga zimekunjwa. Mlangoni palifungwa kamba nyekundu ya kuzuia watu. Mahdi alifikwa na aibu akajitia ana simu ya kupokea, akawaacha peke yao.

Mwanapili alisimama mbele ya kamba. Toka pale aliona sakafu alipolala mama yake siku ya mwisho, na ukuta alioushika siku Walidi anazaliwa. Palikuwa hatua chache tu. Hanan akafuta machozi, akatazama nyuma, hakuna mtu. Akaishika kamba akainyanyua juu.

"Pita, mama mkubwa. Upesi, kalale kidogo. Hakuna anayeona."

Mwanapili akamshika mkono, akaushusha polepole mpaka kamba ikarudi mahali pake.

"Iwache, mwanangu," akasema. "Ni vichu vya wachu."