Sufuria Chini ya Mwaloni

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa tano, nikiwa na miaka ishirini na minne, na mtoto mchanga, na kiburi kikubwa kuliko mtoto. Tulikaa Riverdale Park, huku ughaibuni, ghorofa ya pili, na mama yangu alikuwa amekuja kutoka kwetu Vihiga kunilelea mtoto ili nirudi kazini, kule nilikohudumia wazee. Nyuma ya jengo letu palikuwa na mwaloni mkubwa, na mwaka huo, mwanangu, ulikuwa mwaka wa nyenze.

Unawajua: macho mekundu, na kelele mpaka simu husikii. Hukaa ardhini miaka kumi na saba, kisha hutoka wote pamoja. Mimi nilifunga madirisha. Mama alipoyaona mashimo yao kwenye mizizi alicheka peke yake, kama aliyepata barua ya nyumbani.

Nilipotoka kazini nikamkuta amepiga magoti chini ya mwaloni, leso kiunoni, amepindua sufuria yangu mpya na anaigonga kwa vijiti viwili. Kwetu ndivyo tunavyowaita kumbikumbi watoke: unagonga, nao wanatoka wakidhani mvua imenyesha. Nyenze hawaijui ngoma hiyo, wala hawakumjali. Lakini karai lake lilikuwa limejaa, maana aliwaokota tu kwenye shina kama mtu anayechuma kunde.

Jirani wa chini, mama mmoja Mzungu, alikuwa dirishani anatazama. Uso ukaniwaka.

"Mama, inuka! Watu wa hapa hawali wadudu. Watasema tumetoka msituni!"

Nikanyakua karai, nikalimwaga lote kwenye pipa la taka. Mama akajipangusa magoti polepole.

"Unamwonea haya mdudu, Jerusa," akaniuliza, "au unanionea haya mimi?"

Nikabeba karai tupu, nikapanda ngazi.

Jioni jirani akabisha hodi, sahani tupu mkononi. Alitaka kujua kama yule bibi ameshakaanga, naye aonje. Nilitamani ardhi inimeze, nikae huko miaka yangu kumi na saba.

Kesho yake nilimbembeleza Mama tukaokote wengine. Walikuwa tele, wanakwama hata kwenye viatu. Akakataa. "Hapana, mama, hamu imeniisha. Hawa watarudi lini?" Nilipomwambia, akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Basi hao si wangu."

Na kweli hawakuwa wake. Waliporudi, Mama alikuwa na miaka mitatu kaburini. Niliwasikia wakiimba nikiwa kwenye kituo cha basi, na sare yangu ya kazi, nikalia mbele za watu bila haya yoyote. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Mimi huyo mjukuu nimemlea mpaka amekuwa mtu mzima.

Miaka michache iliyopita wakaja tena. Siku hizi nakaa Takoma Park, na magoti yananilalamikia, lakini nilipanda basi mpaka Riverdale na sufuria ndani ya mfuko, nikapiga magoti chini ya mwaloni uleule, nikagonga. Watu walipita wakitazama. Niliwaacha wapite, nikaokota nyenze mpaka sufuria ikajaa. Nilirudi nyumbani nikakaanga kwa chumvi, nikasonga ugali.

Mara binti yangu, yule mtoto mchanga wa siku ile, akaingia na wenzake wawili wa ofisini, bila kunipigia simu kwanza. Akakitazama kikaango. Nikasimama na mwiko mkononi, nikingoja hukumu, maana ilikuwa zamu yangu.

"This is my grandma's recipe," akawaambia, maana kisa cha bibi yake nilimsimulia tangu utotoni, akavuta kiti. Kisha akanigeukia: "Mum, ugali iko wapi?"

Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Siku mzazi wako atakapokuja huku na leso yake, akaokota usichotaka kiokotwe, mwache, tena piga magoti umsaidie. Hayo macho ya jirani unayoyaogopa huenda yana njaa tu. Na kama umeshamwaibisha, mwombe radhi siku hiyohiyo, kwa mdomo, usingoje msimu. Mwaloni utachipua na nyenze watarudi, lakini mama harudi.

Mungu akupe magoti yenye nguvu, na mti wa kupigia magoti. Na uzeeni akupe mtoto atakayeingia kwako na wageni, akuulize ugali uko wapi.