Keki ya Mama na Mkorea Wake

Leo nimetoa hotuba ya shukrani kwa keki ambayo haikuwa yangu.

Nimefikisha miaka thelathini. Nikapitia dukani kwa Mama hapa mtaani Pioneer, nikakuta keki juu ya kaunta, mishumaa inawaka, na wateja watatu wanapiga makofi.

Jamani, nililia. Nikamshukuru Mama kwa kunizaa. Nikawashukuru hata hao wateja. Nikashika kisu.

"Weka hicho kisu chini," Mama akasema. "Tunangoja saa sita, aingie laivu mtandaoni."

Nani?

Nikaangalia keki vizuri. Ilikuwa na picha ya kijana wa Korea mwenye nywele za pinki. Kikundi chao cha muziki kina miezi minne tu, lakini Mama anajua majina ya wote saba, na ni nani kati yao asiyekula vitunguu. Mimi huniita majina ya dada zangu wote kabla ya kufikia langu.

Nikamwambia, "Mama, leo ni bathdei yangu."

Akanitazama, uso ukang'aa. "Kumbe mmezaliwa siku moja na yeye? Una bahati wewe!"

Nimepewa kipande cha pembeni.

Kama mama yako bado anakumbuka ulizaliwa lini, tafadhali leo usikomenti hapa.