Mpishi wa Misiba Anayetaka Baraza la Waasisi Livunjwe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Redempta Kokushubira anavuta shuka jingine kutoka kwenye mashine ya kukaushia. Ni Alhamisi ya Oktoba 1998, katika chumba cha kufulia cha hospitali moja jijini Minneapolis. Nje kuna jalidi. Humu ndani jasho linamtiririka.

"Mama Erick, wale malodi wenu washang'oka?" anauliza Rukaya, Mkenya wa Mombasa aliyeshika ncha ya pili ya shuka.

"Bado mmoja."

"Basi mng'oeni pamoja na kiti chake!"

"Malodi" hao, kwa utani wa mabwana wa bunge la Uingereza, ni Baraza la Waasisi la chama cha Watanzania wa hapa. Chama kiliundwa mwaka 1977 na wanafunzi kumi na tisa. Katiba yao iliweka Mkutano Mkuu wa wanachama wote, na juu yake Baraza la watu saba wenye viti vya maisha. Uamuzi wowote wa Mkutano ni bure mpaka Baraza liuridhie.

Leo wanachama ni 214. Wengi wao ni wafanyakazi wa hospitali, hoteli na uwanja wa ndege. Barazani wamo wale wale saba, wote wanaume, wote wasomi. Hakuna aliyewapigia kura.

Redempta, mwenye umri wa miaka 43, alitoka Bukoba mwaka 1988. Anaishi Richfield, hupanda mabasi mawili kwenda kazini na hulipwa dola nane kwa saa. Katika jamii, hata hivyo, anajulikana kwa mapishi. Amepika kwenye misiba zaidi ya thelathini, kwa masufuria makubwa ya chama yanayotunzwa katika gereji ya mjumbe mmoja wa Baraza, huko Woodbury.

Februari mwaka jana, msiba ukawa wake. Mama yake alifariki Bukoba, na watu wakajaa nyumbani kwake kumpa pole. Mwenye gereji alikuwa safarini na ufunguo alikuwa nao.

"Niliwapikia watu wote," anasema, akipiga pasi mkunjo wa shuka kwa kiganja. "Siku yangu ilipofika, wageni wakalishwa piza. Mama yangu aliomboleziwa kwa piza."

Mwezi uliofuata, Mkutano Mkuu uliamua masufuria yahamie Richfield, waliko wapishi. Baraza likakataa kwa barua ya mistari miwili: mali ya chama ibaki ilipo.

Hapo ndipo Redempta aliposimama mkutanoni na kutoa hoja Baraza lenyewe lifutwe. Hoja ilipita kwa kura 118 dhidi ya tisa. Lakini katiba inataka wajumbe watano wa Baraza wakubali kujifuta. Wanne wamekubali na wawili wamekataa. Amebaki Mzee Ambakisye, mhandisi mstaafu, atakayetoa jibu lake Jumamosi ijayo.

Jumapili iliyopita, Redempta alimfuata nyumbani kwake Champlin.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja kunizika kabla sijafa?"

"Nimekuja kukuomba, mzee."

Mzee alimsimulia ya mwaka 1986, Mkutano Mkuu ulipopiga kura kwa hasira ili chama kigawanyike sehemu mbili. Baraza lilikataa, na miezi miwili baadaye waliogombana walikuwa wakila sahani moja. "Watu mia wakikasirika pamoja, hasira haigeuki kuwa hekima," alisema.

Redempta anakiri kwamba hoja hiyo ni nzito. "Siku ile walikiokoa chama, sibishi. Nikamuuliza: mzee, siku mkikosea ninyi, sisi tukimbilie wapi? Akaniongezea chai."

Hakumwahidi kitu.

Baraza likifutwa, uongozi wote utapatikana kwa uchaguzi wa Desemba, na waasisi wataruhusiwa kugombea kama mwanachama mwingine yeyote. Redempta atagombea utunzaji wa vifaa. Kwa nafasi ya mwenyekiti, mgombea anayemtaka anamjua tayari.

"Mzee Ambakisye," anasema bila kusita. Rukaya anaachia ncha ya shuka kwa mshangao. "Ana busara, na anakumbuka mambo ambayo sisi hatukuyaona. Kura yangu nitampa yeye. Ila aje aiombe."